Vijiti vya Kupita Navyo Makina

Nyinyi mnaonijia na simu mkononi, mnanionyesha picha za vijiti vya ngoma vinavyong'aa na kuniuliza, "Shosh, hizi ziko poa?", hebu wekeni simu chini kwanza. Nimewajibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hivyo leo nawaandikia wote kwa pamoja, nyinyi wa Kibera na nyinyi wa Kawangware, mnaopiga ngoma za tenor katika bendi za makanisa na za shule. Picha haina uzito wala sauti. Kijiti ambacho hujakishika hujakichagua, umekitamani tu, na mimi sijui kushauri watu juu ya mambo ya kutamani.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Mwende. Nilizaliwa Kitui, kwa Wakamba wachonga vinyago, na watu wakisikia hivyo wanadhani nilitoka tumboni nikiwa na patasi. Wapi. Nilikuja Kawangware kuuza chai na mandazi pale 56, kituo cha matatu, na mteja wangu wa asubuhi alikuwa Mzee Wafula, fundi aliyekereza miguu ya viti kwa mashine kwenye kibanda kilicho nyuma ya duka la misumari na rangi. Mzee huyo alitoka Bungoma, na watu wa kwao waliojaa Kawangware na Kibera walikuwa na makanisa yenye bendi. Kwa hivyo akimaliza miguu ya viti, alikereza vijiti vya ngoma.

Siku moja nilimkuta ameketi na rundo la vijiti vipya, anaviangusha kimoja kimoja juu ya jiwe la mlangoni na kuvipanga viwili viwili. Mimi nilikuwa namimina chai. Nikasema bila kufikiri, "Hizo mbili si za mama mmoja." Mzee akaacha kazi. Akavipima urefu, vikalingana. Akaviweka kwenye mizani ya muuza nyanya wa jirani, vikalingana. Akaviangusha tena juu ya jiwe, akainamisha kichwa, halafu akacheka hadi mandazi yakamtoka mdomoni. Kimoja kilikuwa na sauti ya juu kidogo. Mimi nilikuwa naimba alto kanisani, masikio yangu yalizoea kumtafuta mtu anayeimba vibaya karibu nami.

"Kaa hapa," akaniambia, akanisukumia rundo lote. Nikapanga jozi hadi chai ikapoa kwenye chupa. Baada ya wiki mbili dada yangu ndiye aliyekuwa anauza chai, na mimi nilikuwa naogopa mashine ya Mzee Wafula, maana ilikuwa inanguruma na kutema mbao usoni. Niliiogopa mwaka mzima, kisha nikaizoea, na mwisho nikaipenda kuliko watu wengine ambao sitawataja kwa sababu bado tunasali pamoja.

Basi jambo la kwanza ni hilo. Msinunue kijiti kimoja kizuri, nunueni viwili vinavyofanana sauti. Mpiga tenor ana ngoma tatu zilizofungwa pamoja mbele ya tumbo lake, mkanda mabegani, na anatembea. Ngoma ndogo kali za wenzake zinatatarika kama bisi kwenye sufuria, na ngoma kubwa ya bendi inapiga hatua za watu. Tenor iko katikati, ndiyo inayoimba. Ukiwa na kijiti cha kulia chenye sauti moja na cha kushoto chenye nyingine, wimbo wako utachechemea hata kama mikono yako imebarikiwa.

Jambo la pili ni nyuzi za mbao. Zitazame zikienda kutoka kichwani hadi kitakoni. Zikitoka nje njiani, kijiti kitavunjika papo hapo zilipotokea, na kitavunjika mbele ya watu, hakivunjiki nyumbani. Mimi nilipenda mpera. Mpera unapinda kidogo halafu unarudi, na haumuumizi mtu mkono. Lakini uukaushe kivulini. Mimi nilikausha chini ya kitanda changu, na marehemu mume wangu alilala juu ya mbao za ngoma miaka yote ya ndoa yetu akilalamika kuhusu wadudu ambao hawakuwepo.

La tatu ni kuvingirisha. Kiweke juu ya kioo, kisukume kwa kidole. Kijiti kilichonyooka kinakwenda kimya. Kilichopinda kinaruka-ruka. Muuzaji akikuambia hana kioo, tumia skrini ya hiyo simu yenu, angalau ifanye kazi.

Na mkono. Sikuwahi kumuuliza mteja anataka saizi gani, kwa sababu kila mwanamume anataka kubwa. Nilikuwa namsalimia kwa mkono, namshikilia kidogo, nasikia kidole gumba kinabana wapi na kiganja kina jasho kiasi gani. Kuna fundi mmoja wa viatu aliyedhani nampenda, akaanza kuja kila Ijumaa amepaka mafuta. Nilimuuzia jozi nne kabla hajaelewa.

Kuhusu jasho, nawapa aibu yangu mjifunze bure. Mzee Wafula alipoenda zake Bungoma na kuniachia kibanda, nilitaka watu waone kwamba kuna mtu mpya mwenye akili. Nikapaka vijiti vyote vanishi, kuanzia kichwani mpaka kitakoni. Vilipendeza. Bendi ya shule moja ya pale Kawangware ikavibeba siku ya jua kali, na walipofika karibu na stage ya matatu, mkono wa msichana mmoja ukatoa jasho, kijiti kikamchomoka, kikapaa na kutua ndani ya sufuria ya githeri ya mama mmoja wa barabarani. Mama yule alikichota kwa mwiko, akakilamba, akasema, "Hii imekosa chumvi." Mpaka leo nikipita pale ananiuliza kama nimeleta viungo. Tangu siku hiyo nimeacha sehemu ya kushikia bila vanishi, mbao tupu iliyopigwa msasa tu. Nanyi mkiletewa kijiti kinachong'aa sehemu ya kushikia, kirudisheni.

Pia msijaribu kijiti mkiwa mmekaa. Nilimpa kila mteja ndoo ya plastiki, nikamfunga kamba shingoni, nikamwambia atembee hadi kwenye duka la dawa na kurudi akipiga. Watu walicheka, watoto walifuata, lakini kijiti kizito hujitangaza kwenye hatua ya hamsini. Aliyeona haya kubeba ndoo nilimwambia bendi si yake.

Sasa niwaeleze habari ya Nekesa, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi, na ilitokea nikidhani nimeshajua kila kitu.

Nekesa alikuwa msusi katika saluni moja pale 56, na Jumapili alikuwa akipiga tenor katika bendi ya kanisa letu kule Kibera. Alipiga vizuri sana. Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kumuuma kwenye kifundo, kwa ajili ya kusuka kutwa nzima, akawa anaufunga bendeji. Kila akipiga ngoma kwa kijiti kigumu, mshtuko ulikuwa unampanda hadi kwenye kiwiko. Akaanza kukosa mapigo. Kiongozi wa bendi, Kapteni Barasa, mtu mrefu aliyetembea mbele na fimbo ya kuongozea kama aliyemeza nyingine kama hiyo, akamwambia ampe mtu mwingine ngoma, yeye abebe bendera.

Nekesa akaja kibandani kwangu akiwa amevimba macho. "Mama Mwende," akasema, "mimi si mtu wa bendera. Wiki yote nasimama nyuma ya vichwa vya watu, nasikiza stori zao. Ni Jumapili peke yake watu hunisikiza mimi. Nikitolewa kwa hiyo line, si ni kama nimenyamazishwa?"

Nilimwambia asiende popote. Nikakereza vijiti vyembamba vya mpera, nikaweka kichwa cha mbao nyepesi, nikakivika blanketi zito la zamani na kulishona kwa uzi wa viatu. Nekesa alipojaribu kwenye ndoo, akaacha mdomo wazi. Mkono haukuuma. Na kwenye tenor zenyewe sauti ilitoka nene, ya chini, ya kushiba. Kila aliyeisikia alitaka vya namna hiyo. Nilijawa na kiburi, nawaambia ukweli. Ndani ya siku chache nikawa nimewavika wapigaji wote wanne wa tenor vijiti vya blanketi, na Jumapili nikavaa gauni langu la kijani na viatu vipya nikaenda kuwaona wakipita, yaani kujiona mwenyewe.

Hapa lazima mjue desturi yetu, na nyinyi wa Kawangware mnisikilize zaidi, maana hampiti huko kila wiki. Bendi yetu ikitoka kanisani hupita Makina ndipo ielekee Olympic, na pale Makina kuna msikiti kando ya njia. Tukipita wakati wenzetu wanasali, ngoma zote hunyamaza. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, wazee wa pande mbili walielewana tu zamani, na sisi tukairithi. Lakini watu hamsini hawawezi kutembea hatua moja bila kusikia kitu. Kwa hivyo wapiga tenor huinua vijiti juu ya vichwa na kuvigonganisha, ka, ka, ka, taratibu, sauti ndogo ya mbao kwa mbao, mpaka msikiti upite. Pale mlangoni alizoea kusimama Mzee Ramadhani, mlinzi wa viatu vya wanaosali, na kila mara alituinulia mkono wa shukrani.

Nadhani mmeshaona nilichosahau. Mimi sikuona.

Kapteni akainua fimbo, ngoma zikanyamaza, wapiga tenor wanne wakainua vijiti vyao vizuri vya blanketi na kuvigonganisha. Ikasikika puf. Sauti ya mtu anayekung'uta mto. Safu ya kwanza ikaendelea kwa imani, ya tatu ikabadilisha mguu, na yule wa ngoma kubwa, ambaye haoni mbele kwa sababu ya ngoma yenyewe, akaendelea na mwendo wake wa zamani na kuwasukuma kinamama wa kwaya kama mkokoteni ulioachiwa kwenye mteremko. Mpiga tarumbeta mmoja akakaa ndani ya beseni la ndizi. Hakuna aliyeumia isipokuwa ndizi. Na yote haya yalitendeka kimyakimya, kwa sababu tulikuwa mbele ya msikiti na hakuna aliyethubutu kupiga kelele. Watu hamsini wanagongana na kuombana msamaha kwa kunong'ona.

Mzee Ramadhani alikuwa ameshainua mkono, akabaki nao hewani. Akatutazama tunavyojikusanya. Akasema polepole, "Leo mmekuja bila viatu, ama?"

Nilicheka baadaye, si siku hiyo. Tulipofika Olympic Kapteni Barasa akasimamisha bendi na kuuliza, "Nani alileta hizi mito?"

Nekesa akasema, "Mimi, Kapteni."

Nami nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka hapo, na gauni langu la kijani, nikanyamaza. Nilinyamaza muda wa kutosha yeye kutukanwa. Bado naona aibu nikiandika. Halafu miguu ikanisukuma mbele nikasema kwamba vijiti ni vyangu, kosa ni langu, na dada huyu hana hatia.

"Mama Mwende, nakuheshimu," Kapteni akasema. "Lakini Jumapili ijayo ni shukrani. Tunatembea kutoka kanisani mpaka Kawangware, na makanisa mengine yatakuwepo. Wengine wote watarudi kwa stiki zao za kawaida. Huyu abebe bendera."

"Nipe hiyo wiki moja."

Akafikiri. "Sawa. Tukifika Makina, wengine wote watanyamaza. Atagonga yeye peke yake. Nisiposikia, hapo hapo anavua ngoma anashika bendera."

Mbele ya watu, yaani. Nekesa alitikisa kichwa kukubali, akakaza bendeji yake.

Wiki ile niliharibu mbao nyingi kuliko mwanafunzi. Nilipunguza blanketi ili mbao isikike, mkono wa Nekesa ukauma. Nikajaribu ngozi ya kiatu, ikasikika vizuri lakini ngoma ikapoteza ile sauti ya kushiba na mkono ukauma vilevile. Kichwa kilitakiwa kiwe laini kwa ngoma na kigumu kwa kijiti mwenzake, na hakuna kichwa cha namna hiyo, labda cha mwanasiasa. Alhamisi nikafunga mashine, nikaenda saluni kumwambia Nekesa nimeshindwa.

Nilimkuta anasuka mteja, saluni imejaa, redio inapiga kelele. Nikakaa nisubiri, nikamtazama mikono. Alikuwa na kile kitana chenye mkia mrefu. Alichana kwa meno, halafu kitana kikazunguka kati ya vidole vyake na mkia ukatangulia, akagawa nywele mstari ulionyooka, halafu kikazunguka tena, akachana. Hakukitazama hata mara moja. Alikuwa anamcheka mteja kuhusu mume wake, na kitana kinajigeuza chenyewe. Tena ni kwa mkono uleule mbovu, kwa sababu kugeuza hakuhitaji kifundo, ni vidole tu.

Nikasimama. "Nekesa, hiyo kitu unafanyanga mara ngapi kwa siku?"

"Kitu gani?"

"Kugeuza kitana."

Akaangalia mkono wake kama ni wa mtu mwingine. "Sijui. Kwani huwa nageuza?"

Nilikimbia, mimi na magoti yangu, hadi kibandani. Tangu nianze kazi nilikuwa nashughulikia kichwa cha kijiti, kitako nakikata tu na kukipiga msasa. Usiku na mchana nilikuwa natafuta ncha moja ifanye kazi mbili, na kijiti kimelala mezani na ncha yake ya pili. Nikakereza jozi mpya: kichwa cha blanketi mbele, na nyuma kitako kinene cha mpera mtupu, duara kidogo, bila vanishi. Nikavigonga kitako kwa kitako juu ya jiwe la Mzee Wafula, nikabadilisha, nikagonga, nikabadilisha, mpaka jozi ya nane ndipo nikapata vitako viwili vya mama mmoja. Vililia ka, safi, na muuza nyanya akageuka kutazama.

Ijumaa na Jumamosi Nekesa alifanya mazoezi kati ya wateja. Kati ya pigo la mwisho la ngoma na la kwanza la kugonga kuna hatua mbili tu. Pigo, hatua, geuza, hatua, ka. Mkono wa kulia ulijua. Wa kushoto ulikuwa mjinga, haukuwahi kushika kitana. Jumamosi jioni bado alikuwa anakiangusha kijiti cha kushoto mara moja kati ya tano, na wote wawili tulikuwa tunajua hesabu hiyo.

Jumapili nilifika Makina kabla yao na kusimama kando ya njia, upande wa pili wa msikiti. Sikuvaa gauni la kijani. Nilisikia bendi kwa mbali, na katikati yake tenor ya Nekesa, nene, inaimba. Nikawaona wanakata kona. Kapteni akainua fimbo na ngoma zote zikanyamaza pamoja. Nikahesabu moyoni. Hatua. Vidole vya Nekesa vikazunguka, cha kulia kikakaa, cha kushoto kikachelewa, nikakiona kinaelea mkononi mwake hakijashikwa, na nilifumba macho kwa sababu mimi ni mwoga.

Ka.

Nikafumbua. Mikono yake ilikuwa juu ya kichwa. Ka, ka, ka. Wapigaji wengine watatu walikuwa wamebana vijiti kwapani, hakuna sauti nyingine pale isipokuwa viatu hamsini vya kushoto vikishuka pamoja, halafu hamsini vya kulia. Yule wa ngoma kubwa alipita akiwa amenyooka kabisa. Mzee Ramadhani akainua mkono, safari hii akaushusha kwa wakati, na nikaona mguu wake nao unafuata mapigo. Msikiti ukapita. Nekesa akageuza tena, na ile sauti ya chini ikarudi na bendi nzima nyuma yake, nami nikaanza kucheza barabarani, mwanamke mzima. Nilicheza kutoka Makina hadi Olympic na kutoka Olympic hadi Kawangware, na wiki nzima nilitembea na malengelenge ya furaha.

Kapteni Barasa alimwacha Nekesa na ngoma yake siku ile. Hakumpongeza, hakumlaumu. Bendera ilibebwa na mtu mwingine.

Jumatatu, mapema, akaja kibandani amevaa kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa na kigoda, akasema mguu unacheza. Niliutazama, haukuwa na shida. Akabaki amesimama anashika-shika mbao zangu.

"Kapteni, karibu basi," nikasema, nikampa mkono, na kwa mazoea nikaushikilia. Kidole chake gumba hakikufunga. Kilibaki kimesimama kama mtu aliyekataa kuingia nyumbani. Nikakisukuma kidogo, akavuta pumzi kwa meno.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu niache kupiga tenor."

"Lakini wewe ulituambia umepandishwa cheo, ukapewa fimbo."

Akatazama nje, kule kwa muuza nyanya. "Nilijipandisha," akasema.

Sikucheka. Wale mnaonijua mtajua ni kazi kubwa kiasi gani niliifanya hapo. Mtu huyu alikuwa ametembea mbele ya bendi miaka yote hiyo, mgongo umenyooka, akisikiliza wengine wakipiga alichokipenda nyuma yake. Na Nekesa alipoanza kukosa mapigo, alijua vizuri sana ugonjwa ule unaelekea wapi, na hakutaka kuuona. Nilimwonea huruma, na bado nilimkasirikia, vyote kwa pamoja.

"Nitengenezee kama za yule dada," akasema. "Lakini hiyo kugeuza. Nani atanifunza?"

"Unamjua."

"Mama Mwende, siwezi kuingia saluni."

"Basi nenda ukabebe bendera," nikamwambia.

Aliingia. Dada zenu waliokuwa pale walinisimulia mara nyingi kiasi kwamba naona kama nilikuwepo. Kapteni Barasa alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, wanawake watano chini ya mashine za kukaushia nywele wakimtazama, akasema anamtafuta Nekesa. Nekesa akadhani amekuja kumfukuza. Alipoelewa, hakumwaibisha. Alimvutia kiti, akampa kitana cha mkia, akasema, "Anza na hii. Usiangalie mkono, angalia mimi." Kwa wiki tano, kila Jumanne mchana, kiongozi wetu alikaa kati ya wateja akigeuza kitana, na kikianguka mwanamke mmoja anakiokota na kumrudishia.

Jumapili ya sita nilikwenda tena Makina. Fimbo ya kuongozea ilikuwa mikononi mwa mwingine, mtu mfupi mwenye furaha nyingi. Nikatafuta kwenye safu ya tenor na nikamwona Barasa, mkanda mabegani, ngoma tatu mbele ya tumbo lake, jasho linamtiririka, pembeni mwa Nekesa. Alikuwa anapiga. Hakuwa bado sawasawa, lakini uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto aliyeruhusiwa kutoka nje. Bendi ikakata kona ya msikiti, fimbo ikainuka, ngoma zikanyamaza. Nekesa hakugeuza kichwa. Alitazama mbele kama inavyotakiwa, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo sote wa kando ya njia tuliisikia, "Kapteni, geuza."

Naye akageuza.